Nyumba Mpya, Moto wa Zamani

Kila ifikapo Juni, upepo wa kusi ukisha kushika njia yake na mawingu ya asubuhi yakaning'inia juu ya vilima vya Matogoro hata jua likachelewa kuonekana, mji wetu wa Songea huingia katika majira ambayo watu wa pwani huyaita kipupwe na kuyapokea kwa shuka moja ya ziada, lakini ambayo sisi wa huku juu, tunaokaa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hatuna budi kuyapokea kwa hadhari kubwa zaidi. Joto la usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 11 au 12, na mara nyingine chini ya hapo. Si baridi ya Makete wala ya Kitulo, na mtu wa Ulaya angeicheka; lakini katika nyumba isiyo na dari, yenye bati tupu juu na sakafu ya saruji chini, baridi hiyo inatosha kumnyima mzee usingizi na kumfanya mtoto mchanga alegee hata ashindwe kunyonya.

Basi mwenye nyumba hufanya lile alilolifanya mamake. Chakula cha usiku kikisha kuiva, jiko la mkaa lenye makaa yaliyosalia huinuliwa kwa vishikio vyake, likavushwa kizingiti, likawekwa katikati ya chumba cha kulala, mlango ukafungwa, na kipande cha kitenge kikasukumizwa chini ya mlango ili upepo usipate pa kupenya. Na karibu kila kipupwe, katika mikoa hii ya nyanda za juu kusini, husikika habari ya nyumba ambayo mlango wake haukufunguliwa asubuhi. Hapo ndipo polisi na waganga hutoa onyo lile lile la kila mwaka, kwamba watu wasilale na jiko la mkaa ndani, na sisi wenye kuandika magazetini huliandika onyo hilo, kisha sote tukanyamaza mpaka Juni nyingine. Rai yangu ni kwamba onyo hilo, japokuwa ni la haki na halina budi kutolewa, haliwezi kutosha, kwa sababu humnyang'anya mtu moto bila ya kumpa joto. Na kwamba asili ya msiba haimo katika jiko peke yake, bali imo katika kuuingiza moto wa namna ya zamani ndani ya nyumba ya namna mpya pasipo mtu yeyote, si mjenzi, si mwenye kiwanja, wala si mtoaji wa kibali, kuuliza joto la nyumba hiyo litatoka wapi na hewa yake itapita wapi.

Wazee wa Kingoni, na jirani zao Wamatengo wa milima ya Mbinga, walilala na moto ndani kwa vizazi vingi. Lakini nyumba yao ilikuwa na paa la nyasi, na paa la nyasi hupitisha hewa: moto uliokokwa kati ya mafiga ulipandisha hewa yake juu, moshi ukapenya kidogo kidogo katika nyasi zote, ukaikausha mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya meko na kuwafukuza dumuzi, na hewa mpya ikaingia chini kwa mlango wa matete usiokazana. Paa zima lilikuwa ndiyo dohani. Sisemi hayo kwa kuitamani nyumba hiyo, maana moshi wake uliwatia wanawake wekundu wa macho na kikohozi cha maisha, na hata leo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa majiko ya majumbani uliwaua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nasema tu kwamba ilikuwa na mpango wake, ambao ulikuwa na madhara ya polepole na haukuwa na mauti ya usiku mmoja.

Nyumba tunazojenga sasa katika Msamala, Mjimwema, Bombambili na pande zote ambako mji unatanuka ni za namna nyingine kabisa. Ukuta ni wa tofali na lipu, paa ni la bati, chini yake kuna dari ya siling bodi iliyozibwa pembe zote, na madirisha ni ya alumini yenye vioo vya kuteleza na mipira ya kuzuia vumbi. Ni nyumba nzuri, na mwenyewe ana haki ya kujivunia. Ila imezibwa, na hakuna aliyeizibua penye haja. Fauka ya hayo, tumebadili na kuni zenyewe: aliyetoka kijijini akaingia mjini aliacha kuni akashika mkaa, na tofauti ya viwili hivi si ndogo kama inavyodhaniwa.

Ukuni unapowaka vibaya humtesa mtu kwa moshi mpaka akafungua mlango apende asipende, na mateso hayo ndiyo usalama wake. Mkaa umekwisha kutolewa moshi wake kule tanuruni, katika misitu ya miombo, na kilichobaki ni kaboni karibu tupu, ambayo huwaka bila ya kumtoa mtu machozi. Kaboni ikipata hewa ya kutosha hugeuka kuwa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Ikiipata hewa kwa uchache, au hewa ya ukaa ikipita juu ya makaa yaliyoiva katikati ya jiko, huzaliwa gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha koo wala jicho. Zile ndimi ndogo za buluu zinazochezacheza juu ya mkaa uliokolea, ambazo watoto hupenda kuzitazama, ni gesi hiyo inaungua. Ndimi hizo zikizimika na makaa yakajifunika majivu, gesi haikomi, bali hutoka sasa bila ya kuungua, ikasambaa chumbani. Kwa hiyo saa ile mama anapolitazama jiko akaridhika kwamba mkaa umekolea, hauna moshi tena na waweza kuingizwa ndani, si saa ya salama hata kidogo. Na saa ya usiku wa manane, jiko linapoonekana limekufa, ina hatari yake vile vile.

Damu ya mwanadamu ni mfano wa jahazi lililowekwa kupakia oksijeni kutoka mapafuni na kuishusha mwilini kote; kaboni monoksaidi ni abiria mwingine ambaye damu humpenda zaidi ya mara 200 kuliko yule wa haki, akapanda, akakaa, na asishuke upesi. Mtu huvuta pumzi sawasawa, kifua kinapanda na kushuka, ilhali ubongo na moyo vinakosa riziki yao. Mtaalamu wa Kifaransa Claude Bernard alikwisha kuieleza siri hiyo ya damu katika karne ya kumi na tisa, wala maarifa hayo hayakumfaa kitu Mfaransa mwenziwe Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa riwaya, aliyefia chumbani mwake Paris mwaka 1902 kwa sababu dohani ya meko yake iliziba. Nataja habari ya Zola kwa makusudi, kwa kuwa wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mauti haya ni ya wajinga na mafukara.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Msomaji wa Songea atakuwa amekwisha kutambua shida iliyopo hapo: hizo ndizo dalili ambazo sisi sote, kwa mazoea, huziita malaria. Ni akali ya watu wanaojiuliza kwa nini malaria yao huwapata asubuhi tu, hupungua wakishatoka nje kufanya kazi, na huwashika watu wote wa nyumba kwa siku moja. Aliyekutwa amelegea karibu na jiko sharti atolewe nje hima, milango ifunguliwe yote, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amekwisha kupata nafuu; maana katika hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa nne au tano kupungua nusu katika damu, na kwa oksijeni safi itolewayo hospitalini huchukua kiasi cha saa moja na nusu. Mjamzito hana wasaa wa kungoja, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi hata kuliko damu ya mamake.

Ziko dawa za mitaani ambazo ni wajibu kuzikanusha. Wapo wanaoweka bakuli la maji kando ya jiko kwa kuamini kwamba maji hunyonya sumu. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kwa uchache usio na maana, na bakuli hilo halimwokoi mtu. Wapo wanaonyunyiza chumvi. Wapo wanaoacha dirisha wazi upana wa kidole, jambo ambalo hupunguza hatari lakini halitoshi kwa mtu atakayelala. Wengine hununua jiko banifu lenye udongo ndani, na hao wamefanya vema kwa upande wa mfuko na wa msitu, kwa sababu jiko hilo hula mkaa mchache; lakini udongo ule huyatunza makaa hai kwa muda mrefu zaidi, na sumu ni ile ile. Mkaa mbadala nao, uwe wa pumba, wa vumbi la mkaa au wa makaa ya mawe, usimdanganye mtu kwa jina lake la kisasa.

Habari ya makaa ya mawe yatupasa sisi wa Ruvuma kuitazama kwa jicho la karibu, maana tangu uchimbaji wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulipoanza mwaka 2011, mali hiyo imekuwa jirani yetu, na kwa jirani wa mgodi hakukosi kufika debe moja la makaa. Katika Korea Kusini, ambako tangu kale watu hupasha sakafu za nyumba joto kwa kupitisha moshi wa meko chini yake, mtindo wanaouita ondol, walipoacha kuni na kushika vitofali vya makaa ya mawe baada ya vita vyao vya miaka ya 1950, gesi ilipenya katika nyufa ndogo za sakafu na kuua watu wengi kila majira ya baridi, kwa miongo kadhaa. Wakorea hawakuponea katika kuonywa. Waliponea pale walipobadili kinachowaka na mahali kinapowakia, maji ya moto yakapita katika mabomba chini ya sakafu, na moto wenyewe ukabaki kando.

Najua jibu litakalotolewa hapa: umeme upo. Ni kweli kwamba tangu njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, tukaachana na mashine za dizeli, umeme wetu si ule wa kuchungulia. Na hita ya umeme haina sumu ya namna hii. Lakini tupige hesabu kwa insafu. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa tatu kila usiku hula uniti 4.5, na kwa siku 30 uniti 135, ilhali mteja mdogo anayepewa bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi kwa matumizi yake yote. Kwa mwalimu au muuza duka la kati, basi, hita ni kitu cha saa moja kabla ya kulala, au cha chumba cha mgonjwa. Na atakayeinunua aichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake, si kwenye waya wa kuunganisha ambao tayari unabeba televisheni na friji, maana waya mwembamba hupata moto pasipo mtu kujua.

Kwa hiyo tuanze na nyumba kabla ya kuanza na moto, kwa kuwa joto la bei rahisi kuliko lote ni lile lisiloachwa litoke. Bati tupu hupoteza joto usiku kwa kasi ya ajabu. Dari, hata ya mbao nyembamba au ya mikeka iliyotandazwa vizuri, ndiyo kinga ya kwanza, na mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu nyumbani mwake kabla ya Juni afanye hilo. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma hunywa jua mchana na kulitoa usiku, kama ajuavyo aliyewahi kukaa katika majengo ya Wabenediktini kule Peramiho, ambao walifika mwaka 1898 na kujenga kwa udongo wa hapa hapa. Na liko jambo moja lisilogharimu hata senti, ila mafundi wetu hawalijali: katika Juni na Julai jua letu huinamia kaskazini, hata saa sita ya mchana, na katika Desemba huinamia kusini kidogo likiwa karibu na utosi. Dirisha kubwa la sebule au la chumba cha wazee likielekezwa kaskazini (ambako ndiko, takriban, kilipo kibla kwa mtu anayesali Songea, basi hakuna wa kusema hajui upande) litaingiza jua mpaka kitandani wakati wa kipupwe, na wakati wa joto upenu wa paa utalizuia. Tumejenga mitaa mizima ambamo kila dirisha hutazama barabara, popote barabara ielekeako.

Mtoto mchanga ana dawa yake, wala si jiko chini ya kitanda cha mzazi aliye katika arobaini, desturi ambayo imeenea toka pwani hadi huku na ambayo ningependa ife. Madaktari wawili wa Bogotá, nchini Kolombia, Edgar Rey na Héctor Martínez, walikosa mashine za kutosha za kutunzia watoto njiti mwishoni mwa miaka ya 1970, wakawapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa nguo juu. Njia hiyo, inayoitwa kangaruu katika wodi zetu, sasa hutumika ulimwenguni kote na wauguzi wa Tanzania huifundisha. Mwili wa mama hautoi gesi. Baba naye ana kifua, ingawa katika ujirani wetu bado ni kichekesho kulisema hilo. Kwa wazee, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikatangulizwa kitandani nusu saa kabla ya kulala, hufanya kazi ambayo jiko zima hufanya kwa hatari.

Ama anayetaka moto hasa, na sioni aibu ya kuutaka, ajenge meko yenye dohani. Si jambo la kigeni katika nchi hii: nyumba za mashamba ya chai ya Mufindi na zile za zama za Wajerumani kule Lushoto zilijengwa nazo, na nyingine bado zinavuta moshi hadi leo. Dohani ya matofali ya kuchoma, iliyo laini ndani, iliyonyooka, na iliyopita juu ya kipaa kwa nusu mita au zaidi, huvuta moshi kwa nguvu ya hewa moto yenyewe; chini yake sharti pawe na tundu la kuingizia hewa mpya, maana dohani haiwezi kutoa hewa ambayo nyumba haiingizi. Mbao za paa zikae mbali na ukuta wa dohani. Afadhali zaidi kuliko meko ya wazi, ambayo hupeleka sehemu kubwa ya joto lake mbinguni, ni jiko la chuma kinene lenye mlango na bomba lake, na mafundi wa kuchomelea tunao.

Likisha kujengwa, sharti litunzwe, na hapa ndipo ajizi yetu hudhihirika. Kuni zikaushwe miezi sita chini ya banda. Ukuni mbichi wa mkaratusi au msindano hutoa lami inayoganda ndani ya bomba, ambayo siku moja hushika moto yenyewe. Masizi yafagiliwe kila mwaka kabla ya baridi, na atazamwe ndege asiwe amejenga kiota. Nyufa zizibwe. Majivu yatolewe nje katika debe la bati, si katika kiroba, kwa kuwa kaa lililofichika huishi siku nzima. Wala mtu asizibe dohani ili kuhifadhi joto kabla makaa hayajafa kabisa. Hilo ni kulirudisha jiko la mkaa kwa mlango wa nyuma. Ndugu zetu walio Uingereza watawaambia kwamba huko mwenye nyumba ya kupangisha hulazimishwa na sheria kuleta fundi kila mwaka akague vyombo vya gesi, na mpangaji hupewa hati ya ukaguzi huo mkononi. Hapa kwetu mpangaji huulizia maji na LUKU.

Serikali, kwa haki yake, imefanya jambo kubwa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa. Naunga mkono yote hayo. Lakini mkakati huo ni wa kupikia, kama jina lake lilivyo, ilhali katika Songea, Njombe, Mbinga na Mbeya jiko hutumika kwa kazi mbili, na mtungi wa gesi hufanya moja tu kati ya hizo. Nimeona nyumba ambazo gesi iko jikoni, inapika vizuri, na gunia la mkaa liko nyuma ya mlango, halikusudiwi kupikia kabisa. Mpango utakaohesabu nyumba hiyo kuwa imekwisha kuokoka utakuwa umehesabu sufuria na kuwasahau waliolala.

Halmashauri ya Manispaa yetu, inapotoa kibali cha ujenzi, hutazama mipaka, choo na njia. Na itazame vile vile dari, dirisha la kaskazini na matundu ya hewa ya kudumu katika kila chumba cha kulala, na mwenye kuchora meko apewe kipimo cha dohani badala ya kuachiwa bahati yake. Vyombo vidogo vya kengele vinavyolia gesi hii inapozidi viko duniani tangu zamani, lakini sijaviona katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mfanyabiashara atakayevileta atapata wateja, na shule za bweni ziwe za kwanza. Kuhusu mafundi, Songea ina waashi wanaojua kupanga tanuru la matofali likavuta usiku kucha, na atakayejua hilo hahitaji zaidi ya siku chache kuonyeshwa dohani; chuo cha VETA kiko hapa hapa, na mafunzo hayo yangeweza kutangulia vibali vya mwaka ujao.